Dawa siyo gharama kubwa zaidi

Umeuliza inakuwaje mlipuko wa maambukizi kwenye wodi ya watoto wachanga ugharimu mamilioni wakati "ni chupa chache za dawa tu". Chupa zenyewe kwanza si za kawaida. Klebsiella, bakteria anayesababisha milipuko hii mara nyingi, kwa asili haisikii ampisilini, na ikishakuwa sugu hata jentamisini haifui dafu; hizo ndizo antibiotiki za kawaida za kuanzia. Mnahamia meropenemu, antibiotiki nzito zaidi, na bei yake iko mbali kabisa na hizo mbili.

Ila pesa nyingi huliwa na siku za kulala. Mtoto njiti aliyekaribia kuruhusiwa anabaki wiki nyingine, pengine mbili, kwa oksijeni, dripu na muuguzi yuleyule. Hapo bado vipimo vya damu vya watoto wote waliolala naye, na sampuli za masinki na mashine za kutafuta chanzo. Wodi ikifungwa isafishwe, wajawazito walio hatarini wanapewa rufaa kwingine, na gharama hiyo haionekani kwenye hesabu za hospitali yako.

Kwa Tanzania, matibabu ya chini ya miaka 5 ni bure kisera, lakini nauli, chakula cha mama na kibanda cha biashara kilichofungwa nyumbani hakuna anayevilipia.

Hospitali ya Tembisa, Afrika Kusini, ilipoteza watoto 10 mwishoni mwa 2019 kwa mlipuko wa namna hii. Msongamano ulitajwa sana kama sababu mojawapo. Kwa hiyo mhasibu akikata bajeti ya sabuni na vitakasa mikono vinavyozuia maambukizi haya, mwulizeni anategemea meropenemu italipwa kwa fungu gani.