Mtunza stoo asiye na ufunguo

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza soka la kulipwa hapa Tanzania lilianza lini, maana mjukuu wangu ameitwa na timu na wewe hujui kama mpira ni kazi au ni mchezo tu. Baba yako angekujibu kwa majina ya wafungaji. Mimi nilikuwa karani wa mishahara, basi nakujibu kwa daftari.

Yanga ni ya 1935. Simba, iliyoitwa Sunderland hadi 1971, ni ya mwaka uliofuata. Ligi ya taifa ikaanza 1965, Sunderland wakaibuka mabingwa wa kwanza. Wote hao kwa jina walikuwa wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa. Lakini hebu zisikilize timu za ujana wangu: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara. Hayo ni majina ya sehemu za kazi. Kijana mwenye mguu mzuri alikuwa anaajiriwa.

Pale kwetu (shirika silitaji) tulikuwa na beki aliyeandikwa mtunza stoo. Saa moja na nusu asubuhi anasaini daftari la mahudhurio, anasalimia ofisi nzima, saa tatu yuko mazoezini. Ufunguo wa stoo sikuwahi kumwona nao. Mwisho wa mwezi anapanga foleni dirishani kwangu, anapokea sawasawa na mtunza stoo wa kweli, ambaye siku hiyo hatuongei naye, amenuna. Sasa niambie, yule hakuwa mchezaji wa kulipwa? Tena alipoumia goti, mshahara uliendelea, na kwenye nyumba ya shirika hakufukuzwa. Aliyetaka kulipwa kwa mpira waziwazi ilibidi avuke bahari, kama Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, aliyekwenda kucheza Heracles ya Uholanzi.

Miaka ya tisini mashirika yalipoanza kubinafsishwa, timu zake nyingi zikakosa mlezi. Pamba ilishuka, ikarudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25, baada ya zaidi ya miaka 20. Kwa Simba na Yanga ndio ulikuwa wakati wa wafadhili: tajiri anatoa pesa ya usajili mfukoni mwake, siku akikasirika, kambi inalala njaa. Sikuupenda mtindo ule hata kidogo. Pesa isiyoandikwa popote utaidai kwa nani? Ingawa, haki yao niwape, ni katika miaka hiyo Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, shindano la klabu za Afrika, 1993, wakafungwa na Stella ya Abidjan hapahapa Dar. Baba yako hakula siku ile.

Ukiniuliza mimi, kilichogeuza mambo ni televisheni. Azam, timu ya kampuni, walipanda Ligi Kuu 2008, wakajenga uwanja wao Chamazi, wakawa mabingwa 2013/14. Kundi hilohilo la kampuni likaanza kuonyesha ligi kwenye televisheni yake, na mwaka 2021 likasaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Klabu sasa inajua kabla ya msimu kwamba kuna fungu linakuja, hata kama mfadhili kanuna. Na vijana walikuwa wameshamwona Mbwana Samatta akitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo, kisha Genk ya Ubelgiji, hadi Aston Villa ya Uingereza mwaka 2020.

Kwa hiyo ni kazi, mama, na ilikuwa kazi hata kabla ya kuitwa hivyo. Ila beki wetu aliajiriwa na shirika, mjukuu wangu anaajiriwa na karatasi. Asitie sahihi kabla sijaisoma. Mwulize kwanza imeandika nini kuhusu akiumia, na mshahara unalipwa tarehe ngapi. Njooni naye Jumapili, miwani mpya nimeshapata.

Mama yako