Kabla hujanunua simu Dodoma, na kabla hujazindua tovuti

Ndugu na majirani wameshanizoea. Mtu akipata hela ya simu ananipigia nimsindikize madukani. Mwenye gesti au duka akitaka tovuti, ananipigia mimi huyohuyo. Wengi huziona kama kazi mbili. Kwangu ni moja, kwa sababu simu anayonunua shangazi yako kwa laki mbili na nusu ndiyo itakayofungua tovuti unayomlipa fundi milioni nzima. Kama hujui simu hiyo inaweza nini na inashindwa nini, tovuti yako itapendeza kwenye kompyuta ya fundi tu.

Nianze na simu.

Muuzaji atakuanzishia kwenye kamera, maana macho matatu yanaonekana hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Mimi huanza na swali jingine: unalala wapi? Anayeishi Area C na kufanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, hana shida kubwa ya mtandao. Lakini ukienda vijiji vya ndani huko Chamwino, Bahi au Kondoa, minara iko mbalimbali, na hapo kinachokuokoa ni masafa ya chini. Mawimbi ya MHz 700 na 800 hufika mbali na hupenya kuta vizuri kuliko ya MHz 1800, na ndiyo thamani ya yale masafa ya 700 ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyanadisha mwaka 2018. Kwenye maelezo ya simu tafuta bendi 28, ambayo ni 700, na bendi 20, ambayo ni 800. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa mojawapo. Ukiwa Nyerere Square utaisifia 4G yake, ukifika kwa bibi unaangalia duara linazunguka.

Hili linawahusu zaidi wapenzi wa mtumba. Sina ugomvi na simu iliyotumika. Zipo zilizo imara kuliko mpya za bei hiyohiyo. Ila iPhone 14 na zilizofuata, zile zilizouzwa Marekani, hazina kabisa tundu la laini. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini ya kidijitali iliyo ndani ya simu, kwa hiyo ulizia kwanza kama mtandao wako unaitoa. Kagua afya ya betri. Mwambie muuzaji aondoe akaunti ya mwenye simu wa zamani mbele ya macho yako, si "nitakutumia neno la siri kesho". Kisha piga *#06#, hakikisha IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, inalingana na ya kwenye boksi, na uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja chapa au modeli tofauti na uliyoshika, rudisha simu kaunta na uage kwa adabu. Waliokuwa na simu bandia Juni 2016 wanakumbuka zilivyozimwa nchi nzima.

Kwa simu mpya za bei ya chini na ya kati, mtego mkubwa siku hizi ni RAM, kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi. Juu ya boksi wameandika GB 8 kwa herufi kubwa, na kijana wa dukani anamhakikishia mama niliyemsindikiza, "Mama, hii RAM nane, hii haigandi." Soma herufi ndogo: 4+4. Zile nne za pili si RAM. Ni sehemu ya hifadhi inayoazimwa kufanya kazi ya RAM, na hifadhi ni ya polepole mno kwa kazi hiyo. Linganisha RAM ya kweli na RAM ya kweli. Mimi simshauri mtu ashuke chini ya GB 4, wala hifadhi chini ya GB 64, kwa sababu Android yenyewe inakula GB nyingi kabla hujaweka chochote, halafu yanakuja magrupu ya WhatsApp: la ukoo, la kikoba, la kwaya, la wazazi wa darasa la tatu, kila moja na video zake. Zenye RAM ya GB 2 mara nyingi huja na Android Go, toleo jepesi ambalo Google ililitoa mwaka 2017. Kwa kupiga, WhatsApp na miamala zinatosha. Usizitwishe zaidi.

Ingia pia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, uone tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa miaka imepita, simu hiyo si ya kuwekea programu ya benki.

Halafu kuna jua, ambalo hakuna tangazo linalolitaja. Omba ruhusa, toka nje ya duka na simu mkononi, simama juani saa sita mchana, usome ujumbe wowote. Kioo kilichokuwa kinang'aa ndani kinaweza kugeuka kioo cha kinyozi: unajiona mwenyewe na huoni herufi hata moja. Joto nalo linaizeesha betri, hata ile ya mAh 5000, kwa hiyo usiiache simu kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Vumbi letu la kiangazi huingia kwenye tundu la chaji. Kabla hujampelekea fundi hela, zima simu na ulitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Na vijana wa bodaboda wanaofunga iPhone kwenye usukani wajue kwamba Apple wenyewe walitahadharisha mwaka 2021 kuwa mtetemo mkali wa injini ya pikipiki unaweza kuiharibu kamera.

Kamera? Piga picha risiti humo humo dukani penye mwanga hafifu. Ukiweza kusoma tarakimu zote, inakutosha.

Sasa tovuti.

Chukua simu hiyohiyo ya laki mbili na nusu. Kwa kawaida kioo chake kina upana wa pikseli 720, yaani nukta zinazochora picha, lakini kivinjari huzihesabu mbili kama moja, kwa hiyo ukurasa wako unapewa nafasi ya 360 tu. Fundi aanze kupanga kwenye 360. Ukiridhika, ndipo apanue kwa ajili ya kompyuta. Wengi wao huanzia kule kwenye upana, kisha wanabana, na huko kubana ndiko kunakoharibu. Wazo la ukurasa mmoja unaojipanga upya kufuata kioo si geni, Mmarekani Ethan Marcotte alilipa jina na maelezo tangu mwaka 2010. Hata hivyo bado nakutana na tovuti mpya zisizo na ule mstari mmoja wa viewport unaowekwa kwenye kichwa cha ukurasa. Bila mstari huo simu huuchukulia ukurasa kana kwamba ni wa kompyuta, wenye upana wa pikseli 980 hivi, na kuuminya wote uenee. Mgeni anabaki kuvuta kwa vidole viwili, kushoto na kulia, kila sentensi. Kuuweka ni kazi ya dakika moja.

Picha ndizo zinazokula hela za watu. Kamera ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, mara nyingi ya MB 3 au 4. Mwenye gesti akipandisha picha kumi za vyumba vyake jinsi zilivyo, ukurasa wa mwanzo unafika MB 30 au 40. Na mgeni wake ni nani? Ni mtumishi aliyeitwa kikaoni Mtumba, yuko kwenye basi maeneo ya Gairo, anatafuta pa kulala akiwa na bando la MB mia mbili. Hizo pikseli 4000 kioo chake hakina hata pa kuziweka. Punguza upana uwe 800 hivi, hifadhi kwa WebP au JPEG, aina za faili za picha zilizobanwa, na picha itashuka hadi KB mia moja au pungufu bila mtu kuona tofauti. Squoosh, zana ya bure iliyotoka Google, inafanya hivyo ndani ya kivinjari chako. Picha za chini ya ukurasa ziagizwe zisishuke mpaka mtu azifikie. Ile ya juu kabisa iache ifunguke mara moja.

Lakini kama kuna ugonjwa wa mji huu wa ofisi na shule, ni PDF. Fomu ya kujiunga na shule imepigwa skana ikiwa imepinda, kurasa kadhaa, na kila ukurasa ni picha. Mzazi wa Mpwapwa anaipakua kwa shida, simu inamwambia haina programu ya kuifungua, anatafutiwa na kijana wa jirani, ikifunguka herufi ni ndogo na kila mstari unasogezwa kwa kidole. Yote hayo ili ajue ada ni kiasi gani na mtoto anaripoti lini. Andika ada, tarehe ya kuripoti, orodha ya vifaa na akaunti ya kulipia kama maandishi ya kawaida ya ukurasa. PDF iwekwe chini, kwa anayekwenda kuchapa stationery. Nimelisema hili kwenye ofisi za shule mpaka nimeonekana msumbufu, na nitaendelea.

Vivyo hivyo zile picha kubwa zinazopishana juu ya ukurasa: karibu kwenye tovuti yetu, dira yetu, dhamira yetu, mkurugenzi akisaini kitabu. Kwenye kioo cha 360 zinajaza skrini nzima, na anachotafuta mgeni kiko huko chini. Weka juu bei na namba ya simu. Bosi mmoja alinikatalia, akasema bei ni siri ya biashara. Nikamuuliza wanaompigia kwa siku huwa wanauliza nini. Akacheka, tukaweka bei. Namba nayo iwe ya kubonyeza ikapiga, isiwe picha ya namba. Kwa WhatsApp tumia kiungo cha wa.me kinachofuatiwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Vitufe viwe vikubwa, Google hupendekeza pikseli 48 kwa 48, kidole gumba cha mtu mzima kisibonyeze viwili kwa mpigo.

Rangi tena zinaturudisha juani. Mafundi wanapenda maandishi ya kijivu hafifu kwenye nyeupe, wanasema ni ya kisasa. Pale stendi mchana hayasomeki. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa tovuti zinazosomeka na watu wote, unataka uwiano wa mng'ao wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na zipo zana za bure za kupima.

Fomu ziwe fupi. Usimlazimishe mtu kuandika barua pepe. Wengi walifunguliwa akaunti siku waliyonunua simu na neno la siri limebaki kwa muuzaji. Omba namba ya simu, kibonyezo cha namba kitokee chenyewe, na ukubali inayoanza na 07, 06, 255 au +255, yenye nafasi na isiyo na nafasi. Kompyuta ndiyo ihangaike kuzisafisha.

Kuna uzito usioonekana pia. Miundo ya kununua ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, huja na JavaScript nyingi, yaani msimbo unaoendesha mbwembwe, na simu yenye prosesa dhaifu inaganda hata mtandao ukiwa mzuri. Wanaobana bando kwa kivinjari cha Opera Mini hupokea ukurasa uliokwisha kuchakatwa na kupunguzwa huko kwenye seva, kwa hiyo menyu inayotegemea mbwembwe hizo inaweza kukataa kufunguka. Menyu iwe viungo vya kawaida. Na kwa kuwa kiungo chako kitasambaa zaidi WhatsApp, hakikisha kichwa, maelezo mafupi na picha ndogo vinatokea pale kinapobandikwa.

Wengine huniuliza kama wawe na programu yao wenyewe badala ya tovuti. Kwa gesti, shule au duka la mvinyo wa zabibu, hapana. Hifadhi ya simu ikijaa, programu ya gesti ndiyo ya kwanza kufutwa, video za kikoba zinabaki.

Kupima si kazi ya mtaalamu. PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya tovuti, ni bure, weka anwani uone. Sehemu kuu ya ukurasa inatakiwa kutokea ndani ya sekunde 2.5. Google yenyewe, tangu ilipokamilisha mabadiliko yake mwaka 2023, huzisoma tovuti kwa sura zinavyoonekana kwenye simu, hivyo ukiifanyia mzaha sura hiyo hata ukitafutwa hutapatikana kirahisi. Halafu ingia kwenye mipangilio ya simu ya bei rahisi, chagua 3G pekee, ufungue tovuti kama mgeni. Usikubali kuonyeshwa kwenye kompyuta ya fundi, wala kwenye iPhone yake iliyoungwa Wi-Fi ya ofisini. Bakiza sehemu ya malipo mpaka ukurasa ufunguke kwenye simu ya mlinzi wako, getini, kwa bando lake. Bando hilo umrudishie.