Bia ya mtama mtupu jikoni: jibu kwa aliyekosa kimea cha shayiri

Mkuu, umeuliza kama bia inaweza kutoka kwenye nafaka tupu, bila zile kopo za sharubati ya kimea zinazoagizwa nje, kama mtama unaweza kushika nafasi ya shayiri, na kama bia ya nyumbani inaweza kukupofusha macho. Kwa mtama, inawezekana. Uganda wanauza bia ya Eagle ya mtama tangu 2002, na Nigeria viwanda vilihamia mtama serikali ilipozuia shayiri ya nje mwaka 1988. Mimi niko Dodoma, huku shayiri huioni sokoni ila mtama umejaa, kwa hiyo jaribio langu la kwanza lilikuwa mtama mweupe mtupu, lita kumi hivi. Nitakaa sana kwenye hatua moja, ya kugeuza wanga kuwa sukari, maana maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni ni ya shayiri, na ukiyafuata neno kwa neno hapo ndipo yatakuacha njiani.

Kwanza nafaka. Nunua mtama wa kula, wa msimu huu. Usiguse mbegu za duka la pembejeo, zile zimepakwa dawa, ndiyo maana zina rangi. Chukua mweupe, kama Macia au Tegemeo. Ule mwekundu ambao hata ndege wanaukimbia una tanini nyingi, ile inayokausha mdomo kama chai kali, na tanini inavibana vimeng'enya, yaani vile vitu ndani ya kimea vinavyogeuza wanga kuwa sukari, visifanye kazi. Kabla hujanunua debe, otesha punje mia kwenye kitambaa kibichi. Zisipoota angalau tisini, badili muuzaji.

Kimea utajitengenezea mwenyewe. Loweka usiku na mchana, ukibadilisha maji na kuuacha mtama upumue katikati, kisha utandaze ndani ya nyumba juu ya gunia safi, unene wa vidole viwili. Nyunyizia maji na ugeuze asubuhi na jioni, la sivyo mizizi itashikana uwe mkeka. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya kuvunda, tupa wote. Hakuna kuokoa nusu, sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Siku ya nne au ya tano anika mpaka punje itafunike kwa mlio, halafu sugua na upepete hadi mizizi na machipukizi yote yatoke. Hapa usifanye uvivu: chipukizi la mtama lina kemikali inayotoa sianidi, ileile inayoangusha ng'ombe akila mtama mchanga. Wafugaji wa huku wanaijua vizuri. Mwisho twanga kwenye kinu, punje ivunjike vipande tu, isiwe unga.

Sasa kiini cha jambo. Wanga wa shayiri unalainika kwenye joto lilelile ambalo vimeng'enya vyake vinafanya kazi, nyuzi 60 na kitu, ndiyo maana wenzetu wanamwaga maji ya moto, wanafunika sufuria, basi. Wanga wa mtama unataka nyuzi 70 na zaidi, na ukifika huko vimeng'enya vinavyotengeneza sukari vimeshakufa. Akina mama wanaopika togwa wana jibu siku zote: uji unapikwa kwanza, unapoa, ndipo kimea kinatiwa.

Mimi nilifanya hivi. Kilo tatu za kimea kwenye lita tisa za maji ya nyuzi 45 hadi 50, nusu saa, bila kukoroga mwishoni ili kitulie. Nikachota taratibu yale maji ya juu, lita nne hivi, nikayaweka pembeni, wala usiyapashe, maana vimeng'enya vimo humo. Kilichobaki nikakiongezea maji na kukichemsha nusu saa, kikawa uji mzito wa kusimamisha mwiko. Uji uliposhuka hadi nyuzi 75, nikarudisha yale maji ya pembeni, mchanganyiko ukatua kwenye 64. Hapo usiondoke jikoni. Ndani ya dakika chache mwiko uliokuwa umesimama unaanza kuinama, uji unang'aa juu, kisha unateleza kama maji ya mchele. Nikafunika sufuria kwa blanketi saa moja na nusu. Kujua kama wanga umeisha, weka tone kwenye sahani nyeupe na udondoshee iodini ya duka la dawa. Ikigeuka bluu ya kukaribia weusi, subiri zaidi.

Kuchuja ndiko kunakochosha. Mtama hauna ganda kama shayiri, kwa hiyo machicha yanajifunga kama udongo wa mfinyanzi. Changanya viganja kadhaa vya maganda ya mpunga yaliyooshwa, chuja kwa kitambaa, kisha suuza machicha kwa maji ya moto. Machicha wape kuku.

Yaliyobaki hayana tofauti na shayiri. Chemsha saa moja. Mimi niliweka gramu 20 za hopsi kavu mwanzoni, yale maua yanayoipa bia uchungu, niliagiziwa na mtu aliyekuwa anasafiri. Ukizikosa, usianze kubahatisha magome. Msesewe, gome chungu ambalo Wachaga hutia kwenye mbege, muachie anayejua kipimo chake. Poza haraka kwenye beseni la maji, tia hamira ya bia, funika ndoo. Kuanzia hapo kila kinachogusa bia kiwe kimesafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Juni na Julai Dodoma kuna baridi nzuri kwa kazi hii. Kama uko Dar, tafuta hamira ya kveik ya Norway, hiyo inapenda joto la nyuzi 30 na zaidi.

Haidromita, kile kipimo kinachoelea cha kujua sukari iliyomo, ilisoma 1.042 mwanzoni na 1.010 baada ya wiki mbili, maana yake kilevi asilimia 4 na kidogo. Kwenye chupa weka gramu 6 za sukari kwa lita. Kwa mara ya kwanza tumia chupa za plastiki za soda: ukibonyeza ikawa ngumu, gesi imetosha, peleka kwenye friji.

Ladha? Nyepesi, ina uchachu kwa mbali, povu halikai. Mke wangu aliiita togwa iliyokwenda chuo.

Hofu yako ya kupofuka macho ni ya gongo iliyochanganywa na methanoli ya viwandani. Bia ya nafaka isiyokenekwa haina shida hiyo. Ila ukitaka kuuza, ujue unaingia kwenye mambo ya leseni.

Kwenye ndoo sasa hivi nimechanganya robo ya kimea cha ulezi, maana ulezi una nguvu zaidi ya kuugeuza wanga. Nikifungua nitaleta mrejesho.