Mama alipenda farasi, kaka zangu wanaona haya kumtaja hivo

*"Assalam alaykum shangazi. Mama yetu katangulia mbele ya haki, huu mwezi wa tatu. Mwaka 2020 hoteli moja ya Kaskazini ilipofungwa kwa sababu ya corona mama alinunua farasi wao mmoja, jike, mtu mzima, watu wakamcheka mpaka basi. Akamfuga hapa hapa Bububu chini ya mwembe, na kila siku akishasali alfajiri anampanda anashuka nae pwani na baibui lake. Siku ya hitma mama kasifiwa kwa mapishi, kwa ibada, kwa ukarimu, farasi hakutajwa kabisa. Kaka zangu wawili wamefuta kwenye grupu la familia picha zote alizompanda, wanasema si heshima kwa maiti, na sasa wanataka kumuuza farasi kabla ya masika. Mie kila jioni naingia bandani naikumbatia seruji yake nalia. Na farasi mwenyewe tangu juzi hali chakula vizuri, nahisi anamlilia mama. Nifanyeje? Binti yake."*

Waalaykum salam mwanangu. Mungu amrehemu mama yako na ampe kauli thabiti.

Kilio tutakizungumza, ila kwanza chukua simu umpigie daktari wa mifugo, leo, usingoje kesho. Umeandika farasi tangu juzi hali vizuri ukaiweka mwisho wa barua kama kitu kidogo, mie hapo ndo nlipokaa kitako. Farasi hawezi kutapika, Mungu kamuumba hivo, kwa hivo kikimsokota tumboni hakina pa kurudi juu, na chango la farasi linaweza kumuua ndani ya siku moja. Nenda kamtazame: anageuza kichwa kuangalia ubavu wake? Anaparapara chini kwa kwato, anataka kulala na kugaragara? Kinyesi kipo? Na kwa vile ni mtu mzima tazama chini pale anapokulia, ukikuta vibonge vya majani yametafunwa yakatemwa, basi meno hayo, jino la farasi mzee linachongoka linamkata shavu anashindwa kutafuna. Usimnyweshe mafuta wala dawa ya jirani. Akishapimwa akaonekana mzima, hapo tena tuseme anamlilia mama, na inawezekana kabisa manake farasi ni mnyama wa kundi, na huyo kundi lake lote lilikuwa mtu mmoja mwenye baibui.

Haya, sasa hitma. Unasema farasi hakutajwa. Alitajwa mwanangu, nyinyi tu hamkusikia! Hitma si mmegawana juzuu thelathini? Basi alopata Juzuu Amma kapita kwenye sura ya Wal-adiyat, Mungu mwenyewe anaapa kwa farasi wendao mbio wakihema, wakitoa cheche kwa kwato zao, wakishambulia asubuhi. Asubuhi, ushasikia? Saa ile ile ya mama yako na pwani yake. Sa kaka zako waonee haya kitu kilichosomwa kwenye hitma yenyewe, khaa.

Na hilo la "si heshima", kama aibu yao ni mwanamke kumpanda farasi, nalo waulize wamelitoa wapi. Kwenye Abu Daud imo hadithi Mtume (s.a.w) kakuta kwa Bi Aisha wanasesere wake na katikati yao kifarasi kina mabawa ya kitambaa, akamuuliza farasi ana mabawa, Bi Aisha akamjibu kwani hukusikia Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa, Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Alicheka, hakukasirika. Na hapo kwenu Mtoni tu, unapita karibu na magofu ya kasri kila ukipanda daladala ya 502 kushuka mjini, ndipo alipozaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, mwaka 1844, na kaandika kwa mkono wake habari za watoto wa kasri, wa kike na wa kiume, na farasi na punda weupe wa Maskati. Mwanamke wa Unguja juu ya mnyama hakuanza na mama yako.

Kaka zako lakini siwalaumu sana, nakwambia kweli. Mwanamme akifiwa na mama anaogopa mno mama asisemwe, basi anampiga pasi, anamnyoosha mpaka anakuwa mama kama mama wa kila mtu, mpishi, mcha Mungu, mkarimu. Sifa zote hizo ni za kweli na hata moja haimjui yeye. Umeandika barua nzima hukuniambia anapika nini, lakini umeniambia alikuwa anakwenda pwani kabla jua halijatoka. Umeshamkumbuka, unachotafuta ni ruhusa tu, na mie nakushauri usiiombe kwa kaka zako.

Picha usizigombanie. Kufutwa kwenye grupu si kufutwa duniani, alokwishaipokea mara nyingi anayo kwenye simu yake, kwa hivo waandikie binamu na mashoga wa mama mmoja mmoja, kimya kimya. Halafu mtafute aliyekuwa akimkatia majani, na wale watoto wa mtaani aliokuwa akiwapandisha (usiniambie hakuwapandisha, mwenye farasi Bububu hawezi kuwakimbia watoto), ukae nao uwaulize mama alikuwa akimwambia nini farasi wake akidhani hakuna anayemsikia. Rikodi kwa simu. Fanya sasa hivi, manake bibi yangu wa Makunduchi alikuwa na punda wa kubebea nazi akimsema siku nzima kama mume, alipofariki tukamuuza punda wiki ile ile, na leo nakumbuka yale maneno yalikuwa yanachekesha lakini hata neno moja silikumbuki, nnachokumbuka ni kicheko tu.

Kuhusu kuuza. Hapa pengine utanichukia. Farasi ni mali ya mirathi, si yako wala si ya kaka zako peke yao, na kama warithi ni nyinyi watatu tu basi mali inakatwa mafungu matano baada ya madeni, kila kaka mawili na wewe moja. Fungu moja la farasi halimzuii kuuzwa, ila unaweza kuwaambia wampige bei na wewe uchukue fungu lako kwake, kinachozidi uwalipe kidogo kidogo. Kabla hujasema hivo lakini piga hesabu. Farasi wa kilo 400 anataka kama kilo nane za majani makavu kwa siku, maji ndoo mbili tatu kwa joto letu hili, kwato zichongwe kila wiki sita mpaka nane, na mwenzake wa kukaa nae, hata punda. Mama alikuwa na asubuhi zake zote za kumpa. Wewe una jioni, na jioni zenyewe unaikumbatia seruji, farasi yupo pembeni anakutazama.

Ukiweza mchukue. Ukiwa huwezi sema huwezi, kisha simama wewe kwenye kumtafutia mtu, usiwaachie kaka zako wampe wa kwanza atakayefika na pesa, ukaje umkute anavuta kokoto. Seruji ibakize. Hiyo hata wakisema nayo ihesabiwe, ihesabu, ilipie, ibakize.

Nipe jawabu la daktari. Na ukiandika tena niambie farasi anaitwa nani, manake mara zote umemwita farasi tu, na mie siamini mama yako alikuwa anashuka nae pwani kila alfajiri bila ya kumwita kwa jina.