Mashine imefutwa, jina limebaki

SWALI: Tukifuta mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya nyingine kwa programu) kwa VMware Aria Automation, programu ya kuunda na kufuta mashine hizo kiotomatiki, jina lake hubaki kwenye DNS, mfumo unaooanisha majina na anwani za mtandao. Mashine mpya ikipewa anwani ileile, wanaotumia jina la zamani hufikishwa kwenye mashine isiyo sahihi. Tufanyeje? – Msomaji, Malindi

JIBU: Tunga mtiririko wa kazi katika Orchestrator, chombo cha kuendesha hatua za kazi kinachotumiwa na Aria Automation, upokee jina na anwani ya mashine, kisha ufute rekodi ya A (ya jina kwenda anwani) na ya PTR (ya anwani kwenda jina; hii ya pili ndiyo husahaulika). Uunganishe na tukio la kuondolewa kwa mashine, kwa usajili wa kuzuia (blocking subscription), ili ufutaji usubiri mtiririko umalize. Weka sharti kwamba uendeshwe kwa mashine za mradi husika tu, la sivyo hata mashine za majaribio zitaupitia. Rekodi ikikosekana, mtiririko uandike kumbukumbu na kuendelea. Mtiririko ukiishia kwa kosa, ufutaji wenyewe unaweza kukwama. Jaribu kwanza na mashine moja isiyo na kazi.