Kutuma viatu kumezidi bei ya viatu, na bado havijafika

Pole sana ndugu yangu. Kulipia usafirishaji kuliko thamani ya mzigo, halafu wiki saba kimya, inaudhi.

Kwenye gharama, nadhani kilichokuponza si uzito, ni boksi. Kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Jibu likizidi kilo za mizani, unalipia jibu. Boksi la 40 kwa 30 kwa 25 linahesabiwa kilo 6, hata kama ndani mna viatu vya kilo moja na hewa tupu! Safari nyingine achana na boksi la dukani, vifunge kwenye mfuko mgumu. Mzigo usiozidi kilo 2 uulizie bei ya pakiti ndogo ya posta. Uliza mwenyewe, makarani wengi hawakuambii.

Sasa hicho kifurushi kilichopotea. Kama ulituma kwa posta, kwenye risiti tafuta namba ya kukifuatilia, yenye herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi kilikotoka. Iingize pia kwenye tovuti ya posta ya nchi kinakokwenda, maana vingi hulala forodhani huko, hasa kama kwenye fomu uliandika "zawadi" tu bila kutaja kitu na thamani yake. Kisipoonekana, peleka malalamiko ya maandishi pale ulipotumia kabla ya miezi 6 kuisha tangu siku ya kutuma. Mimi nilichelewa, nikabaki na risiti mkononi.