Futa kwanza, msasa baadaye: kwa mnaoanza kubandika piezo kwenye panga la mtambo wa upepo

Wadogo zetu, kila kusi ikianza kuvuma hapa Mtwara karakana hupata mikono mipya, na kosa ni lile lile: wiki haijaisha, kibandiko cha piezo, kile kinachopinda panga kikipewa umeme, kimebanduka. Mtusamehe ukali.

1. Kufuta. Panga la faiba likitoka kwenye kalibu lina nta. Mgeni hukimbilia msasa. Msasa hauiondoi nta, unaishindilia ndani ya mikwaruzo. Anza na asetoni na kitambaa cheupe, ukigeuza upande mpaka kitoke safi. Ndipo msasa namba 320, mng'ao uishe bila kufika kwenye nyuzi. Futa tena, acha pakauke, bandika.

Hata sisi tunaowafokea tumepita humo humo. Ubaya wa kosa hili halijitangazi. Epoksi, yaani gundi yenyewe, inakauka, mita inasoma, watu wanapeana mikono. Siku chache baadaye panga linapinda kidogo kuliko jana, fundi analaumu amplifaya, anabadili nyaya, kisha anaongeza volti. Anaongeza volti! Kibandiko cha nyuzi za piezo kinachostahimili volti 1,500 upande chanya hustahimili 500 tu upande hasi. Ukizidisha, piezo inapoteza mpangilio wake wa umeme, na sasa una ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza ambao bado hujaujua.

Ungeujua kwa kapasitansi, yaani uwezo wa kibandiko kutunza chaji ya umeme. Pima kabla ya kubandika, uandike; pima tena epoksi ikikomaa. Kikishika vizuri thamani hushuka, maana panga linakizuia kutanuka. Ikianza kupanda tena, gundi inaachia. Ikishuka zaidi, kimepasuka. Pima alfajiri kila siku: joto nalo hupandisha kapasitansi, na jua la saa saba litakufanya ubandue kibandiko kizima.

2. Unyevu wa pwani. Uso wa panga uwe angalau nyuzijoto 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kuganda kuwa matone. Utando unaoteleza kama mafuta ukitokea juu ya epoksi, osha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya tabaka la pili.

3. Waya wa nikeli na titani unaokumbuka umbo: ukipata joto hufupika na kuvuta panga. Mnaupenda mno. Rota, yaani mapanga yote na kitovu chake, ya kipenyo cha mita 1.5, upepo wa mita 8 kwa sekunde, ncha ikienda kasi mara 6 ya upepo, huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde. Waya, hata wa milimita 0.15, hutaka sekunde moja au mbili kupoa. Kufuata kila mzunguko ni kazi ya piezo. Waya mwachieni mabadiliko ya polepole. Na usiulaze juu ya panga la kaboni bila faiba ya kioo katikati, utapiga shoti, maana kaboni hupitisha umeme.

4. Mizani. Gramu 5 zilizozidi karibu na ncha ya panga hilo huvuta kwa nyutoni 14 hivi, kama vile kilo moja na nusu ya korosho imening'inizwa upande mmoja. Pimeni mapanga yote matatu, na gundi, na nyaya, na ule utepe mnaodhani hauna uzito.